Mvule wa Mlango wa Baba

Fundi wa magitaa hachagui mbao kwa macho. Hukishika kipande kwa vidole viwili, karibu na ncha, akakiacha kining'inie kama shati kwenye kamba, kisha hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kikilia kama kengele, hukitenga kwa shingo. Kikitoa sauti nene yenye joto, hukitenga kwa mwili wa gitaa. Kikinyamaza, kinakwenda jikoni kwa mama kuchochea moto.

Asubuhi hiyo aligonga mninga, akagonga mkangazi, akarudia mninga. Mdogo wake wa kike alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, kikombe cha chai mkononi, akikataa kila kitu. Alikuwa mpiga besi katika bendi isiyokaa mji mmoja, na nyumbani alionekana kama wageni wa heshima wanavyoonekana, mara moja moja na mkononi ana zawadi. Sasa alitaka besi isiyo na vile vijichuma vinavyokatiza shingo.

"Vijichuma vinasitiri watu, kaka," alisema. "Kidole kikikosea kidogo, chuma kinakurekebishia, wasikilizaji hawajui. Nimechoka kusitiriwa."

"Na ukikosea?"

"Nimekosea, na wote wamesikia."

Fundi aliinama akapuliza vumbi kwenye randa ambayo haikuwa na vumbi.

Mwili haukuwapa shida. Waliafikiana mkangazi mwepesi, usije ukamng'oa bega dada wa watu kwa kusimama nao saa nzima. Shida ilikuwa shingo. Pasipo vijichuma, nyuzi husugua mbao tupu mithili ya kisu, kwa hiyo mbao hiyo lazima iwe ngumu, nyuzinyuzi zake zimenyooka, na imekauka hadi rohoni. Mninga uliokuwepo ulikuwa bado na maji. Ukiuvalisha nyuzi leo, kesho umepinda kama mgonjwa wa kiuno.

"Na ule?" Mdogo wake alinyoosha kikombe kuelekea pembeni.

"Ule mlango."

"Naona ni mlango, mimi si kipofu. Nauliza mbao."

"Haufai."

"Mvule uliokauka kabla hatujazaliwa, haufai? Kaka, kazi ulijifunzia wapi?"

Ulikuwa mlango wa chumba cha baba yao. Marehemu aliuchonga mwenyewe enzi za nguvu zake. Baada ya mazishi fundi aliung'oa, akatundika pazia mahali pake, na mlango akauegemeza karakanani, uso umeelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Tangu hapo ulikuwa ukigonga. Uligonga kutoka ndani, asubuhi zaidi kuliko jioni, kwanza kwa kiganja, halafu kwa ngumi. Mtu huzoea. Ulipoanza, mama alipaza sauti kutoka jikoni, "Mfungulie baba yako," na fundi akajibu, "Haya, mama," akaendelea na kazi.

Mwaka wake wa mwisho mzee alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Alitoka akaingia barabarani katikati ya malori, akiitafuta nyumba iliyobomolewa zamani. Fundi akaweka komeo upande wa nje. Alijiambia ni kwa usalama wa mzee, na siku za mwanzo ilikuwa kweli. Baadaye akawa anamfungia akija mteja. Baadaye tena, kila alipotaka utulivu. Mzee aligonga. Fundi cherehani wa ng'ambo ya ukuta alisikia kugonga kutwa nzima, akawaambia watu jirani yake ana bidii ajabu, hachoki kuchagua mbao.

Siku ya mwisho kugonga kulibadilika. Kulishuka chini, karibu na sakafu, kukawa kwa polepole. Fundi alikuwa ametoka kupaka gundi kwenye shingo ya gitaa la mteja, vibanio havijakazwa hata nusu, na gundi haingoji mtu. Akasema, nikimaliza hii. Alipokaza kibanio cha mwisho kulikuwa kimya, naye akamshukuru Mungu kwa kile kimya. Mdogo wake alipelekewa habari kwamba baba alilala, hakuamka.

Sasa huyo mdogo aliweka kikombe chini, akaugeuza mlango, akaugonga. Ulilia kama kengele. Kisha ukagonga na wenyewe.

"Unaitikia," alisema.

"Ndiyo."

"Mfungulie baba yako!" mama aliita kutoka jikoni.

"Mama anasema nini?"

"Mama siku hizi hayupo sana. Jana kaweka viatu kwenye kabati la vikombe."

Mdogo wake aliupapasa mvule. "Nikatie shingo hapa. Mbao inayoitikia huipati dukani."

Fundi alikubali shingo upande.

Alikata upande wa juu kabisa, mbali na mahali ngumi ya mtu mzima ingefika. Haikusaidia. Kugonga kulihama, kukaingia kwenye kile kipande. Aliporanda, kuligonga chini ya randa, hata akajikuta anaranda kwa kuufuata mdundo wake. Mlango uliobaki ulinyamaza, mama akautia motoni, ukachemsha maji vizuri tu.

"Fundi!" Yule mama wa cherehani alichungulia juu ya ukuta. "Kazi imerudi! Jana ulinyamaza, nikadhani unaumwa."

"Nachagua mbao, mama."

"Mungu akutie nguvu, baba. Wangapi siku hizi wanapenda kazi hivyo?"

Mdogo wake alikuja kuichukua besi nyuzi zikiwa zimeshavalishwa. Alikaa juu ya debe lake, akatelezesha kidole, na sauti ikatoka kama ya mtu anayeimba amefumba mdomo. Alipopumzika, shingo iligonga. Hakushtuka. Mpiga besi huelewana na yeyote anayejua kushika mdundo. Akaifuata. Ilianza kwa kiganja, ikaja ngumi, halafu ikashuka chini, polepole. Fundi aliujua mwendo huo na alijua unakoelekea. Mikono yake ilinuka gundi na alikuwa ameshanawa. Mdundo ukakatika.

"Mbona unaishia katikati?"

Fundi alifumbua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, ila hapakuwa na kijichuma cha kumwonyesha pa kukanyaga.

"Nilikuwa nagundisha," alisema.

"Nini?"

"Shingo. Ya mteja."

Mdogo wake alitazama pazia la chumba cha baba. Pembeni yake, kwenye fremu, kile kidude cha kupokelea komeo kilikuwa bado kimepigiliwa, upande wa nje. Alikitazama kitambo.

"Ilishika vizuri?" aliuliza.

"Ilishika."

Aliiingiza besi kwenye mfuko wake, akafunga zipu. "Mpiga ngoma wetu atanuna," alisema. "Ataona nimemletea mke mwenza." Hakucheka, wala kaka yake hakucheka. Langoni akageuka nusu. "Mama nakuachia, kaka. Wewe ndiye unayemuweza." Akaondoka haraka, kama anayeogopa kuitwa arudi. Mgongoni mwake mfuko uligonga hadi kona.

Haukupita muda, mama alitoka na kandambili moja akaingia barabarani. Dereva wa lori alikanyaga breki, akatukana matusi yote aliyofundishwa. Jirani wa cherehani alimrudisha kwa mkono.

"Fundi, huyu mama atakufia njiani."

Fundi aliingia kwenye mbao zake kuchagua ya mlango. Aligonga mninga, ukalia, akauweka kando, haifai kuupoteza kwa mlango. Aligonga mkangazi, ukalia pia. Chini kabisa palikuwa na mbao nene, laini, za mti asioukumbuka jina. Aligonga moja kwa kifundo. Kimya. Akaipiga ngumi, ikaimeza. Zote zilikuwa hivyo, za kuchochea moto.

Akazichukua hizo. Jioni mlango mpya ulikuwa umesimama kwenye chumba cha baba, na komeo lilikuwa mahali pake pa zamani. Alilitia mafuta lisipige kelele.

Kesho yake alikuwa akipaka gundi kwenye shingo nyingine aliposikia, kwa mbali, kama kupitia mto wa kulalia, sauti ya mama.

"Mfungulie baba yako."

"Haya, mama," alijibu, akakaza kibanio.