Kikohozi cha Saa ya Hesabu

Katika chuo cha udereva walimwita Breki, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki na klachi za ziada upande wa abiria, alikokaa yeye, na mguu wake haukujua kupumzika. Mwanafunzi akichelewa kidogo kusimama, Breki alikuwa ameshalisimamisha. Akiachia klachi vibaya, Breki aliidaka kabla gari halijaruka. Kwa hiyo wanafunzi wake waliendesha vizuri ajabu mpaka siku ya mtihani, ndipo wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Breki alisema watahini wana roho mbaya.

Mtu wa namna hii ndiye aliyempeleka binti yake kwenye kituo cha masomo ya ziada.

Binti walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Kituo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na saruji: chumba kimoja, meza fupi, na kila mtoto na karatasi zake. Huyu anajumlisha, jirani yake anasoma hadithi kwa kunong'ona, yule wa dirishani anapambana na hesabu za sehemu. Hakuna aliyemngoja mwenzake, wala aliyemkimbiza.

"Ataanza chini kidogo ya pale anapoweza," mwalimu wa kituo alimweleza Breki. Alikuwa mama mtulivu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. "Mwendo atauongeza mwenyewe. Nyumbani atafanya karatasi chache kila siku. Kazi yako, baba, ni kusahihisha akishamaliza. Akikosa mrudishie, atafute kosa mwenyewe. Usimwonyeshe, na usimsemeshe."

"Mwenda pole hajikwai, mwalimu," alijibu Breki, akitikisa kichwa kama mjusi. Alijisikia mwenye hekima, na akateremka ngazi kwa madaha.

Hekima hiyo ilidumu mpaka shemeji yake alipokuja kuwasalimu. Shemeji, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa na mtoto kituo kilekile, na kabla hajakaa vizuri alishatangaza kuwa mwanawe yuko kwenye sehemu. "Na Chiriku wetu je?" Chiriku alikuwa bado anajumlisha. Breki aliona aibu, akajifanya anatafuta rimoti.

Jioni hiyo alikaa mezani kando ya binti yake. Nane na saba, Chiriku akaandika kumi na nne. Breki alibana midomo. Hakusema neno, maana ahadi ni deni. Ila koo lilimwasha, akakohoa. Chiriku akainua macho, akamtazama, akafuta, akaandika kumi na tano.

Breki alipima jambo hilo kwa uzito wote wa mwanasheria ambaye hakuwa. Je, amemwonyesha? Hakumwonyesha. Amemsemesha? Hata kidogo. Mtu kukohoa ndani ya nyumba yake, tangu lini imekuwa dhambi?

Basi akakohoa. Alikohoa kwenye kutoa, akakohoa kwenye kuzidisha, na kwenye karatasi za lugha aliguna kidogo kila herufi ilipokaa vibaya. Chiriku akapanda ngazi moja, akapanda ya pili, na chuoni Breki akawachosha wenzake kwa habari za mtoto mwenye kichwa chepesi. "Damu hiyo," alisema, akijigonga kifua. Mkewe, ambaye alikuwa mfamasia, alianza kuleta chupa za dawa.

"Mume wangu, kikohozi gani hiki kinachokuja saa ya hesabu tu?"

"Vumbi la penseli."

Mkewe alimjazia kijiko. Dawa ilikuwa chungu kama shubiri. Breki aliimeza yote bila kukunja uso, akasema asante.

Kisha mwalimu wa kituo akamwita.

"Nyumbani hakosi hata moja," alisema. "Hapa anaandika jibu, halafu anasimama. Anatazama mlango. Jibu moja linamchukua muda kuliko ukurasa mzima. Mimi sielewi. Kaa hapa nje umwangalie, labda wewe utaelewa."

Breki alikaa kwenye benchi la wazazi, nje ya dirisha la kioo lililoachwa wazi kidogo. Kando yake alikaa baba mmoja mwenye mafua, leso mkononi. Ndani, Chiriku aliinamia karatasi ya kuzidisha. Macho ya Breki, yaliyozoea kuona mbali, yalisoma: sita mara tisa, hamsini na nne. Sawasawa kabisa. Akavimba kichwa.

Baba wa mafua akakohoa.

Chiriku alishtuka, akafuta, akaandika hamsini na sita. Baba wa mafua, maskini, hajui hili wala lile, akakohoa tena. Chiriku akafuta tena. Kikaja kikohozi kirefu cha kuvuta toka kifuani, na mtoto akafuta safu nzima, yote aliyokuwa amepata, akafuta mpaka karatasi ikachanika. Akaweka penseli chini.

"Mwalimu," alisema, machozi yakimtiririka, "zote nimekosa. Mimi sina akili. Sitaki kuja tena."

 Mguu wa kulia wa Breki ulikandamiza sakafu ya kituo, ukitafuta breki ambayo haikuwepo. Hapo ndipo alipowaona wanafunzi wake wote walioanguka, wamekaa ndani ya gari la mtahini, wakingoja mguu wa mtu mwingine. Watahini hawakuwa na roho mbaya. Mjinga alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa kwenye benchi.

Akaingia ndani. "Mwalimu, ni mimi," alisema mbele ya watoto wote, na akaeleza habari ya kikohozi, huku akiona alivyo kichekesho. Watoto walicheka. Chiriku hakucheka.

Mwalimu alivaa miwani, akamtazama kama anavyotazama karatasi iliyojaa makosa. "Atarudi kwenye kujumlisha," alisema. "Na wewe utakaa naye vilevile, ila bila koo."

"Baba," Chiriku alimuuliza njiani, "kwani bila wewe mimi naweza?"

Breki alitaka kumwapia kuwa anaweza, lakini akaona kiapo chake hakina thamani tena. "Tutaona, mama," alisema, na jibu hilo likamuuma mpaka nyumbani.

Mkewe aliposikia habari alicheka mpaka akashika ukuta. "Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakusema yafundishe kuzidisha!" Akampa mumewe pipi ya mnanaa, ili mdomo uwe na kazi.

Wakakaa mezani. Chiriku aliandika jibu la kwanza, akamtazama baba yake. Breki alitazama dari, akanyonya pipi. Jibu la pili, vilevile. Ulikuwa ukurasa mrefu, na kila mara macho yale yalipomjia, Breki alitamani shemeji amwone anavyoteseka kwa ajili ya nane na saba.

Katikati ya ukurasa pipi ikamponyoka, ikamkaba. Akakohoa kikohozi cha kweli, cha machozi na meza kutikisika. Penseli ya Chiriku ikasimama. Mkono ukaenda kwenye ufutio. Breki alitaka kusema siyo hicho, mwanangu, hiki ni cha pipi, lakini sauti haikutoka. Alipunga mikono tu kama askari wa barabarani aliyechanganyikiwa.

Chiriku alilitazama jibu lake. Akahesabu upya kwa vidole, taratibu, midomo ikicheza. Akahesabu mara nyingine. Kisha akauweka ufutio kando.

"Pole, baba," alisema bila kuinua kichwa. "Kunywa maji."

Akafungua ukurasa uliofuata.