Hapana Mpaka Chini

Loretta Strickland alifika ofisi ya wanajeshi wastaafu akiwa tayari amefura. Dwayne Hatcher, aliyekuwa chini yake kule Iraki, alikuwa amesimama mara tatu kuvuta pumzi kutoka kwenye gari hadi mlangoni, na miaka arobaini hajafika. Alikuwa anaomba matibabu ya mapafu kwa mara ya pili.

Karani aliwageuzia kompyuta. "Rekodi inasema hakuvuta moshi wowote, mama."

"Hakuvuta? Tulilala mita mia mbili kutoka shimo la taka! Matairi, betri, mavi, vyote vilichomwa kwa mafuta ya ndege. Tulikuwa tunakohoa makohozi meusi. Kipimo chenu cha hewa kilikuwa likizo?"

"Kilizibwa na vumbi. Kwa hiyo tunafuata fomu aliyojaza akirudi. 'Ulikuwa karibu na moshi wa taka?' Akajibu hapana."

Loretta akamgeukia Dwayne. "Wewe! Ulikuwa umerogwa?"

Dwayne alitazama viatu vyake. "Sajenti, si ulituambia wewe?"

Loretta alikumbuka hema la kujazia fomu kule Kuwait, ndege ya kurudi nyumbani ikingoja. Aliyejibu ndiyo alibakizwa wiki mbili kwa madaktari, wenzake wakienda nyumbani. Naye alipita katikati ya mabenchi akipiga makofi: "Hapana mpaka chini, wanangu! Nani anataka kukosa pai ya mama yake?" Wote thelathini na mmoja walicheka, wakaandika hapana. Miaka yote hiyo alijisifu kwamba aliwarudisha kwa ndege moja.

Alijichukia. Kisha akamtazama karani, hasira ikampanda upya.

"Nanyi mlijua," alisema. "Fomu inayomwadhibu anayesema kweli, mlitaka ijibiwe nini?"

"Si mimi niliyeitunga, mama."

"Basi nipe karatasi."

Aliandika kwamba moshi ulikuwepo kila siku, na kwamba yeye, sajenti wao, ndiye aliyewaamuru kuukana. Karani alimwonya kuwa anakiri kosa kwa mkono wake. Loretta alianza kuorodhesha majina, la Dwayne la kwanza, kisha wengine kama walivyokaa kwenye mabenchi.

Dwayne aliinama kusoma, akaweka kidole kwenye jina la nne.

"Sajenti, Pruitt tulimzika Machi."

"Najua," alisema Loretta, akaendelea kuandika. "Naye nilimwamuru."