Mtani Aliyeshika Mbele ya Machela

Mimi ni mtu wa kuogopa, na sioni haya kulisema. Mvua ikianza, natazama ufa ukutani. Simu ikilia, nauliza kwanza nani kafariki. Mtu akiniambia maisha ni kufurahi, naona huyo bado hajafiwa. Kwa hiyo siku uchungu wa mwanangu Yasmin ulipogoma, na mkunga akasema mtoto ametanguliza makalio, ashushwe hospitali ya mjini upesi, mimi moyoni nilikuwa nimeshamzika.

Mvua ilikuwa imeimega njia ya mlimani na pikipiki hazipandi. Wanaume wanne wakafunga blanketi kwenye mianzi miwili, wakamlaza. Aliyeshika mbele ni Mikidadi. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Ndiye anayelala kaburini kwenye misiba yetu na kugoma kutoka mpaka apewe kuku.

Hatujafika hata kwenye migomba ya mwisho, akaanza.

"Yasmin, ukifa leo, jogoo mwekundu wa mama yako ni wangu. Na lile sufuria kubwa."

"Sufuria limetoboka," Yasmin akajibu, anahema.

"Basi usife. Nitapata hasara."

Wabebaji wakacheka. Mimi hasira zilinipanda. Mdomo huumba, na huyu anaumba kifo juu ya tumbo la mwanangu.

"Mikidadi, funga mdomo. Hapa si matangani."

"Nikiufunga, mama Yasmin, nitapumulia wapi? Pua yenyewe unaijua ilivyo."

Tukateremka hivyo hivyo kwenye ukungu na utelezi, yeye akitania, Yasmin akimjibu kila maumivu yalipompa nafasi. Nilipogeuka niliona blanketi limeloa damu kidogo. Sikumwambia mtu.

Kisha tukafika mtoni. Daraja la magogo halikuwepo. Maji yalikuwa mekundu, yanaviringisha mawe, na mngurumo wake ulijaa bonde zima. Mikidadi akasimama. Akanyamaza.

Wote tulijua kwa nini. Mwaka jana, msimu kama huu, mkewe Mwaisha alilazwa kwenye jiwe lile pale ukingoni, naye ana uchungu, wakingoja maji yapungue. Hayakupungua kwa wakati.

Niliwahi kutamani mtu yule anyamaze maisha yake yote. Sasa amenyamaza, na sijapata kuogopa vile. Wabebaji walikuwa wanatazama miguu yao.

"Mama," Yasmin akaita, sauti imekuwa nyembamba. "Mtani kanyamaza. Nakufa, eti?"

Neno lililokuja la kwanza lilikuwa la kilio, nikalimeza. Nikatafuta jingine.

"Ufe wapi," nikasema. "Huyu anaogopa maji. Ukoo wao wote hawaogi, hujui? Babu yao aliwahi kunyeshewa, akaugua mwezi mzima."

Halafu Yasmin akacheka, kicheko kibaya cha maumivu, lakini ni kicheko. Mikidadi akageuka akanitazama. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Babu yangu," akasema polepole, "aliugua kwa sababu alikula mboga ya bibi yako."

"Basi vuka, mjukuu wa mgonjwa. Tuone."

Wakainua machela mabegani, wakaingia. Maji yaliwafika mapajani. Mimi nilishika mwanzi kwa pembeni, nikitukana ukoo ule kwa kila tusi la utani nililorithi, na mengine nikayatunga palepale. Woga haukuniacha hata chembe. Jiwe lilipoteleza chini ya mguu wa Mikidadi na machela kuinama, nilipiga shahada kimoyomoyo, na mdomoni nikamuuliza kama ameona sabuni.

Tukavuka. Barabarani, pale Kilakala, dereva Halidi, aliyepigiwa simu mapema, alikuwa anatungoja na bajaji yake. Yasmin alipasuliwa jioni ileile, akapata mtoto wa kike, na wote wawili wakabaki hai.

Kesho yake Mikidadi alikuja wodini, miguu ina matope bado. Nilimfuata mlangoni nikamuuliza amewezaje, njia yote ile, mtu mwenye msiba wake.

Aliegemea mlango.

"Mwaisha tulimbeba kimya," akasema. "Tuliogopa, tukaona kuongea ni kuita mkosi. Sauti ya mwisho aliyoisikia ni ya maji. Nikaapa mwingine nitakayembeba atanisikia mimi. Jana pale mtoni nilishindwa. Ukanipokea wewe."

Machozi yalinijaa. Yeye naye alikuwa anatazama sakafu, na nikaona tukiendelea hivi tutalia wote wawili mbele ya wazazi wa watu. Kitandani mtoto akaanza kulia.

"Mikidadi," nikasema, "toka mlangoni. Mtoto kaiona sura yako."