Firigisi ya Mzee Ryoba

Mwanangu Simioni alirudi kutoka keya, jeshi la Waingereza, na karai. Wenzake walirudi na makoti, na baiskeli, na gramafoni zisizotoa sauti. Wangu mimi alifika kwetu Itiryo na karai jipya la chuma begani, na pakiti za tambi alizonunua kwa Mhindi pale Tarime. Nilidhani karai ni la kubebea udongo, tumalizie ule ukuta wa nyumba. Nikalipokea kwa furaha, nikaliweka nje. Yeye akalichukua, akaliosha, akaliingiza jikoni kwangu. Hapo kichwa kikaanza kuniuma.

Miaka hiyo keya walikuwa wanapelekwa ng'ambo, upande wa Singapuri, kupigana msituni. Simioni alikwenda akiwa msemaji, akarudi mtu wa kunyamaza. Anaamka kabla ya jogoo, anatandika kitanda chake mwenyewe, anafua mashati yake mwenyewe, mimi nipo hai, namtazama. Tulipokwenda kumtafutia mke, nyumba tatu zilitukataa. Walisema kijana huyu amerudi na mambo. Nami ningewajibu nini? Mambo hayo nilikuwa nayaona kila siku na sikuyaelewa.

Ikabaki nyumba moja, ya Mzee Ryoba wa Genkuru, baba yake Wegesa, binti tuliyemtaka. Ryoba alisema atakuja kwanza kutuona tunavyoishi. Simioni akaniambia bila kuzunguka kwamba mzee huyo akikataa, yeye anarudi jeshini. Nilikuwa mjane, na mtoto wa kiume ni huyo huyo. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo.

Sasa mgeni wa namna hiyo unamchinjia nini? Mbuzi wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa mwaka ule. Ng'ombe aliowanunua Simioni kwa mshahara wa keya walikuwa wa mahari, huwezi kumchinja hata mmoja. Nilibaki na kuku wangu mwekundu. Nikasema haya, kuku anatosha kwa heshima, maana kuku ana mpangilio wake. Firigisi ni ya mgeni mkubwa, nzima, juu kabisa ya bakuli. Paja linamfuata. Kila mwanamume anajua kipande chake na hakuna wa kuuliza. Sisi wanawake wa kwetu enzi hizo kuku tulimpika tu, hatukumla.

Asubuhi ya siku yenyewe Simioni akasema atapika yeye. Nilimuuliza kama ana homa. Akasema hapana, akaniomba kisu. Jamani, mwanamume mzima, aliyetahiriwa na rika lake, anachutama kwenye mafiga yangu! Nilimwambia Ryoba akimkuta pale atageukia mlangoni, na mimi nitamlilia nani? Akanijibu kwa upole, upole ule uliozidi kunichanganya, kwamba kwa mapishi haya kuku mmoja atatutosha watu wote wa nyumba, na mifupa itabaki ya mchuzi wa kesho.

Alimtoa kuku nyama yote kwenye mifupa. Halafu akaikatakata vipande vidogo, kama ncha ya kidole changu. Paja likapotea hivyo, nikiliona. Kidari kikapotea. Nikasema moyoni, angalau firigisi ipo, nitaificha. Nikatoka kuchukua kuni, na niliporudi firigisi ilikuwa vipande vyembamba, imechanganywa na nyama nyingine. Nilikaa chini. Nilimuuliza sasa mgeni tutampa nini, na yeye akaniambia tutampa chakula, mama.

Tambi alizichemsha, akazimwaga maji. Mimi tambi nilizijua kwa sifa tu, kwamba Waswahili wa mjini huzila na sukari. Hizi zilikuwa za chumvi. Akachochea moto mpaka karai likatoa moshi, akatia samli, vitunguu, tangawizi, kuku, halafu karoti na kabichi kutoka bustani ya misheni, mwisho zile tambi, na yeye anageuza, anageuza, hatulii. Chakula cha mgeni hukaa motoni asubuhi nzima. Hiki kiliiva kabla sijamaliza kumkemea. Ugali wa ulezi nilisonga mimi, kwa hasira, ili angalau kuwe na kitu kimoja kinachojulikana.

Ryoba alifika na fimbo yake. Shemeji yangu Kisyeri ndiye aliyempokea na kukaa naye, kwa kuwa mume wangu hayupo. Mimi nilikaa jikoni, nikawa nachungulia kati ya miti ya ukuta. Simioni aliwapelekea sahani, kisha akarudi akaniwekea na mimi yangu mapajani. Ina kuku ndani. Nikaitazama, nikamtazama yeye, nikaifunika.

Kule nje wazee walikuwa wanahangaika. Ryoba alinyanyua tambi kwa vidole, zikaning'inia, akazirudisha. Kisyeri alinong'ona akiuliza kama ni mizizi. Hatimaye Ryoba alikata tonge la ugali, akalibonyeza, akazizoa nalo kama anazoa mlenda, akala. Akala tena. Sikuweza kusoma chochote usoni mwake. Halafu akaanza kutafuta. Alipekua sahani taratibu kwa kidole, upande huu, upande ule, na mimi nilijua anatafuta nini.

"Mura," akamwita Simioni, kama tunavyowaita vijana kwetu. "Firigisi ya kuku huyu iko wapi?"

"Iko kwenye kila sahani, mzee. Kila mtu ana kipande chake."

Kisyeri aliinamisha kichwa. Mimi nilifumba macho.

"Na mama yako?" Ryoba akauliza. "Naye umempa?"

"Nimempa. Ya kwake ni sawa na ya kwako."

Ryoba aliokota vile vipande vya firigisi kimoja kimoja kutoka kwenye sahani yake, na vya nyama kidogo, akaomba jani la mgomba, akavifunga, akatia mfukoni mwa koti. Akaaga. Ndiyo haikusemwa, hapana haikusemwa. Kisyeri akaniambia yamekwisha, mzee amebeba ushahidi, anakwenda kuwaonyesha wenzake jinsi tulivyomdharau. Sahani yangu nilimpa yeye aende nayo, sikuweza hata kuitazama.

Simioni alianza kupanga vitu kwenye begi lake la jeshi. Nilimtukana, nikalia, nikamwambia tambi zake zimenifukuzia mtoto. Aliendelea kukunja mashati.

Kabla Simioni hajaondoka, Kisyeri alirudi kutoka Genkuru, alikoitwa na Ryoba, anakuna kichwa. Ryoba amesema tulete ng'ombe. Nilimuuliza kama amesikia vizuri. Akasema ameambiwa mara mbili, na yeye mwenyewe haelewi.

Basi nilikaa na jambo hilo bila kulielewa hata baada ya Wegesa kuolewa na kuingia nyumbani kwangu. Msichana mpole, mchapakazi, sina la kumlaumu. Siku moja Simioni amekwenda mnadani, sisi wawili tunasugua lile karai kwa majivu, nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza baba yake alilipeleka wapi lile jani.

Wegesa aliacha kusugua. Akasema baba alifika nyumbani jioni, akamwita, akalifungua mbele yake, akamwambia ale. Alikataa, akidhani mzee anamjaribu. Ndipo baba yake akasema maneno haya, na Wegesa alinirudishia kama alivyoyasikia:

"Kula, mwanangu. Mama yako amenipikia kuku nyumba hii mpaka nimemzika, na sijawahi kumuuliza kama anajua utamu wake. Huko unakokwenda wanawake wanapewa."

Wegesa akasema alikula, na baba yake alikuwa analia.

Nilimfikiria mama wa Wegesa, ambaye sikumjua. Nikafikiria sahani niliyoifunika na kumpa Kisyeri. Mwanangu aliniwekea ile sahani mapajani kwa mikono yake, na mimi nikaona ni wazimu wa ng'ambo.

Nikamwambia Wegesa alisuuze karai, halafu akamkamate yule kuku mweusi.

"Simioni hayupo, mama," akasema. "Firigisi tumwekee?"

"Hapana," nikamwambia. "Ikate katikati."