Wanja Kwenye Droo

Mimi nikipaka fanicha rangi, imepakwa. Watu wa Tabata wananijua: unaniletea kabati lililochoka, lina michirizi ya maji na meno ya panya, unarudi baada ya wiki unaniuliza lako ni lipi. Kwa hiyo waa jeusi lilipojitokeza ndani ya droo niliyoipaka nyeupe mara mbili, nilikasirika kabla sijaogopa.

Ilikuwa dresingi tebo ya mninga, kazi ya zamani, nimeinunua kwa Fakihi anayeuza fanicha za mitumba. Mvua zilikuwa zimeanza na uani hapakauki kitu, nikaiingiza chumbani kwa mama. Kioo nilikifunika kanga, maana mama alikuwa eda. Baba alikuwa amefariki, na kwetu mjane hajitazami kwenye kioo wala hapaki wanja mpaka miezi minne na siku kumi ziishe.

Ukweli ni kwamba mama naye alikuwa anaisha. Uji alionja vijiko viwili, kisha akageukia ukutani. Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa. "Nasubiri tu, mwanangu," aliniambia, nami sikumuuliza anasubiri nini kwa sababu nilijua. Niliogopa kuzika wawili ndani ya mwaka mmoja.

Waa lile lilikuwa vijistari vifupi, vimesimama, vimepangwa kumi kumi kwenye ubao wa chini ndani ya droo. Nikavinusa: wanja. Wanja una mafuta, na mafuta hupenya rangi ya maji, kila fundi anajua. Nikapiga msasa, nikapaka praima ya mafuta ya kuzibia madoa, nikarudia rangi. Asubuhi vilikuwepo. Nikavihesabu kwa hasira tu: themanini na sita. Nikasugua tena, nikapaka tena. Asubuhi iliyofuata vilikuwa themanini na saba.

Ukutani kulikuwa na kalenda, nami kila siku nilikuwa nikikata humo siku za eda ya mama kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimetoka kukata ya themanini na saba.

"Mama, nani anachezea droo yangu?"

"Nani wa kuichezea, humu si niko mie tu? Na mie wanja sijaugusa tangu baba yako azikwe."

Sikuwa nimemtajia wanja.

Nikatoka uani nikampigia Fakihi.

"Sista, ile ilikuwaga ya mama mmoja wa Mbezi Beach," alisema. "Mumewe alitangulia, na yeye akaondoka akiwa bado yuko eda. Nasikia zilibaki siku saba tu. Watoto wakatoa vitu vyote. Kwani ina ishu?"

"Haina," nikasema.

Eda kwa hesabu ya mwezi mwandamo ilikuwa siku mia moja ishirini na nane. Ukitoa saba, zinabaki mia moja ishirini na moja. Nikaamini, na Mungu anisamehe, kwamba siku hiyo mama naye atakwenda.

Nilitaka kuitoa dresingi tebo nje saa hiyo hiyo. Nilipoishika tu, mama aligeuka kutoka ukutani. "Iache hapo," alisema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Nikaiacha, nikaendelea kupaka. Tabaka la tano, la saba, la tisa, mpaka droo ikawa haifungi vizuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nikificha kwa brashi. Vijistari vikafika mia moja na tatu. Vikafika mia moja na kumi. Wakati mwingine nikiingia na uji namkuta mama amenyamaza ghafla, uso ameuelekeza kwenye kioo, na ile kanga inatikisika kidogo ilhali dirisha limefungwa.

Siku ya mia moja ishirini na moja nilikaa naye kutwa nimemshika mkono. Ulikuwa wa baridi, ila alikuwa anapumua. Kulipokucha nilifungua droo hata kabla ya kumwamkia. Vijistari vilikuwa mia moja ishirini na moja. Nikahesabu upya. Havikuongezeka, na mimi nikaogopa kugeuka.

"Hakuna kipya, eti?" sauti ya mama ikauliza nyuma yangu.

Alikuwa amekaa. Wiki tatu alikuwa hajainuka kitandani bila kushikwa.

"Mwenzangu mwenye meza hii aliniambia ataishia hapo," alisema. "Hana wa kumhesabia zilizobaki, maskini. Watoto wake wameuza kitanda shuka hazijafuliwa. Hebu niletee wanja wangu."

"Mama, uko eda."

"Nimekatazwa machoni. Ubao hauna eda."

Akashika ukingo wa meza, akajivuta, akachora kijistari cha mia moja ishirini na mbili. Kisha akaomba uji, akaumaliza, akauliza kama umebaki. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Kila siku aliinuka, akachora, akala. Mimi brashi sikuigusa tena.

Siku ya kutoka eda shangazi zangu walikuja wakamwogesha, wakamfukiza udi. Nikaiondoa kanga kwenye kioo. Mama akakaa mbele yake, akapaka wanja jicho moja, akapaka la pili, akajitazama kwa muda mrefu. Halafu akakiweka kichupa cha wanja na kijiti chake ndani ya droo, juu ya vile vijistari, akaifunga.

"Mwenzangu naye ajipambe," alisema.

Tukafunga mlango, mama akavuka kizingiti kwa mara ya kwanza tangu msiba, tukaenda kwa shangazi mtaa wa pili. Tuliporudi nilifungua droo mwenyewe. Ilikuwa nyeupe tupu. Kichupa kilikuwa wazi, na kijiti kimelazwa pembeni, ncha yake nyeusi.

Mama alikitazama, akaifunga droo taratibu.

"Na yeye katoka," alisema. Kisha akaniuliza leo tunapika nini.