Soseji za Kwao Mama

Mpaka wa Ujerumani Mashariki na Magharibi ulifunguliwa Jumapili alfajiri. Hata saa tatu asubuhi haijafika, Baba alikuwa ameshapiga honi mara tano akimhimiza Mama atoke. Kutoka kwetu Sonneberg, upande wa Mashariki, hadi Coburg ni mwendo wa nusu saa tu. Mama alizaliwa Coburg, akaolewa kwetu mwaka 1951, na mwaka uliofuata waya wa mpaka ukawekwa katikati. Kwa miaka thelathini na saba hakukanyaga tena kwao.

Alichobaki nacho ni habari za soseji. Kila Baba alipochoma zake uani, Mama alizisifu, kisha akaongeza, "Lakini kwetu huchomwa kwa matunda makavu ya msonobari. Ule moshi wake, we acha tu."

"Edeltraud, punguza chuku," Baba alimjibu siku zote. Yeye ndiye aliyekuwa mchomaji wa mtaa mzima, mtu wa makaa safi, na kumwambia soseji inachomwa kwa kitu chenye utomvu ni sawa na kumtukana. Na sisi watoto tulicheka. Kusema kweli, mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Siku hiyo nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, lakini nilirukaruka kwenye kiti cha nyuma kama mtoto. Watu tusiowajua walitugongea paa la gari, wakatupungia mikono, wakaturushia chokoleti dirishani. Baba alipiga honi kumjibu kila mmoja. Mama peke yake hakumpungia mtu.

Tulipoingia uwanja wa soko, harufu ilitupokea kabla ya watu. Tukasimama kwenye foleni ndefu mbele ya kibanda cha soseji. Hapo Mama akanivuta mkono.

"Gudrun, mwanangu, turudi nyumbani."

"Turudi? Mama, tumefika!"

"Na kama si tamu? Nimewaambia miaka yote hii. Na kama nilikuwa nawadanganya?"

Moyo uliniuma kwa vile vicheko vyangu vyote.

Wakati huohuo tukafika mbele, na ndimi za moto zikaruka juu ya wavu. Kwetu moto ukipanda hunyunyiziwa bia, ndiyo maana Baba haendi penye soseji bila chupa kwenye koti. Kabla sijamshika, alishanyoosha mkono na kumimina nusu chupa. Fyaaa! Mvuke ukapanda, majivu yakaruka, moto ukafa.

"Wee mzee! Una wazimu?" akapiga kelele mchomaji, bwana mnene aliyeitwa Alban.

"Unaunguza chakula cha watu!" Baba akafoka. " Huo ni moto wa kuchomea majani!"

"Moto wa msonobari huachwa uwake, bwana! Mmetoka wapi nyie?"

"Sonneberg!"

Foleni nzima ikatukodolea macho. Kisha mama mmoja nyuma yetu akasema, "Jamani! Tumewasubiri miaka yote hiyo, wamefika leo, na kitu cha kwanza wanatuzimia jiko!"

Watu wakaangua kicheko, hata Alban mwenyewe. Akavua aproni, akamkabidhi Baba pamoja na koleo. "Haya, fundi. Umeuzima, sasa uwashe."

Baba, ambaye hajawahi kukataa jiko maishani mwake, aliuwasha. Machozi yalimtoka kwa moshi, akakohoa, akaziacha ndimi zilambe soseji huku Alban akimzuia mkono wenye chupa. Watu wakamshangilia, "Geuza, Sonneberg! Geuza!" Na Baba akageuza, uso umeiva kwa furaha.

Akatuletea tatu, kila moja imechungulia pande zote mbili za mkate wake. Yeye akauma kwanza. Akatafuna. Nikamwangalia Mama, naye anamwangalia Baba mdomoni. Baba akameza, akauma tena, akatafuna polepole kuliko nilivyowahi kumwona.

"Edeltraud," akasema, "nisamehe."

Nilipiga kelele za furaha mpaka watu wakageuka. Lakini Mama hakutabasamu. Aliishika yake kwa mikono miwili, akafumba macho, akauma kipande kidogo. Mafuta yakamtiririka kidevuni, naye hakuyafuta.

"Nilishaisahau, Gudrun," akasema. "Miaka kumi sasa nilikuwa nasema kwa mdomo tu, ladha yenyewe siikumbuki hata chembe. Niliogopa huenda niliitunga." Akauma tena, safari hii kipande kikubwa. "Kumbe ni kweli."

Nilimkumbatia palepale, na soseji yangu ikadondoka chini.