Kompyuta Iliyofungwa Shuka

Kosa lilikuwa zile shuka. Nereah alitaka kuikinga kompyuta na vumbi, akafunga kioo kwa shuka moja na mtambo wake kwa nyingine, kisha yeye na mwalimu wake Billy wakatoka chumbani mwao Gatina, Kawangware, mchana kweupe, kila mmoja na furushi lake. Ndivyo makanisa mawili yenye kompyuta hiyo yalivyopatana: wiki hii darasa la kompyuta Kawangware, wiki ijayo Kambi Muru, Kibera. Siku zote walisindikizwa na Gerishon, mwenye ploti aliyewapa chumba, maana Gatina nzima inamjua. Leo alikuwa matangani, nao wakajiona wajanja wa kwenda peke yao.

"Mwizi!"

Nani alianza? Huwa hajulikani. Jiwe la kwanza lilimpata Billy sikioni, akaanguka mbele ya saluni ya Wanja. Mateke yakamshukia. Mtu alimkanyaga vidole mpaka Nereah akavisikia vikivunjika.

"Ni ya darasa! Muulizeni Gerishon!"

"Wacha za ovyo, dame," alisema Kyalo, fundi wa viatu, jiwe mkononi. Mwenzake alikuwa ameshaleta tairi. "Kama ni yenu, washa tuone."

Wanja alichomoa draya yake haraka, akaingiza mafurushi saluni na kumwonyesha Nereah soketi. Lakini Nereah hakuwahi kuunganisha nyaya zile, kazi hiyo ilikuwa ya Billy siku zote. Akachomeka huu, akachomoa ule. Mtambo ukanguruma, kioo kikabaki cheusi. Nje walikuwa wakimpiga Billy huku wakisubiri, na harufu ya petroli ikaingia hadi ndani. Nereah aliwachukia watu wale kwa moyo wake wote.

Kioo kikawaka.

"Andika jina langu," Kyalo aliamuru.

Akaandika. Kyalo akaligusa jina lake kwa kidole chenye damu, akacheka kama mtoto.

"Na langu!" akasema mwenye tairi.

Wakajazana saluni, kila mmoja anataka lake. Nereah aliinuka amkimbilie Billy. Kyalo akamkalisha kwa nguvu. Basi akaandika, jina baada ya jina, huku nje Billy akimwita, sauti ikififia.

Kisha Wanja akapiga ukemi mlangoni, akajishika kichwa.

"Hii class yenu huwa siku gani?" Kyalo aliuliza, macho bado kwenye kioo.

"Hakuna class," Nereah alisema. "Mwalimu mmemuua."